Miezi nane na LSD ya pleti kwenye Altezza yangu, hapa Tabora

Wakuu mwangaluka. Kila wiki kuna mtu ananiuliza aweke difu gani (zile gia za ekseli ya nyuma zinazogawia matairi nguvu) kwenye gari ya kudrifti, yaani kuilaza ubavu iteleze kwenye kona, kwaiyo acha niandike mara moja nimalize. Gari yangu ni Altezza AS200 ya gia za mkono, ile yenye injini ya 1G-FE, na mpaka leo imeshapitia difu nne: iliyokuja nayo, ya kuchomelea, Torsen (LSD ya gia), na sasa hivi LSD, yaani difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure, ya pleti ya njia mbili, wenyewe tunaita tuwei. Hiyo ya pleti ndo nimebaki nayo na ndo nitaisifia, ila imenitesa na hayo pia ntayasema.

Kwanza gari yenyewe haina ubavu. Kwenye makaratasi ni farasi 160, lakini Tabora tuko kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari na injini isiyo na turbo huku juu inavuta hewa nyepesi, kwaiyo toa kidogo hapo. Alafu pa kuchezea ni kiwanja cha ghala la zamani la tumbaku, mwenyewe anatukodishia Jumapili, nusu zege nusu vumbi. Difu ya kawaida pale ni kichekesho. Inagawa nguvu sawasawa kulia na kushoto, kwaiyo tairi lililoko kwenye vumbi likikosa pa kushika, na lile la kwenye zege halipati zaidi ya hicho hicho kidogo. Unakanyaga mafuta, tairi moja linapekua vumbi kama kuku, gari inanyoosha zake mbele. Video zangu za mwanzo nilizifuta zote.

Nikaenda kuchomelea. Elfu hamsini tu, unafungua difu unaunganisha zile gia ndogo za ndani, spaida, matairi yote mawili yanazunguka kama kitu kimoja. Mzee anayenitengenezea gari pale Isevya aliniangalia akasema "mwanangu, nakufanyia, ila sokoni usiende nayo." Sokoni nikaenda nayo. Ukikata kona ya lami tairi la nje linatakiwa litembee njia ndefu kuliko la ndani, sasa yamefungwa pamoja, kwaiyo la ndani linaruka ruka kwik kwik kwik kila mtu anageuka kukuangalia. Kiwanjani lakini raha tupu, siwezi kudanganya, gari inalala ubavu vizuri kabisa. Wiki ya sita nikiwa natoka sheli, mwendo wa kutembea kwa miguu, jointi ya ekseli ya kushoto ikapasuka. Ekseli ya mtumba na usafiri wa basi kutoka Dar vikala karibu mara nne ya hiyo elfu hamsini.

Torsen nayo ina stori ya aibu. RS200, yaani ndugu yake Altezza yangu yenye 3S-GE, nyingi za gia za mkono zimekuja na Torsen kiwandani, kwaiyo nikatafuta moyo wa difu wa hiyo. Duka moja la Dar wakanitumia video, jamaa anazungusha upande mmoja, upande wa pili unazunguka kinyume. Nikamjibu kwa ukali, bro hiyo ni difu ya kawaida usinione mshamba. Ilikuwa Torsen halali! Ile mbinu ya kunyanyua gari ukazungusha tairi uone lenzake linaenda wapi inafanya kazi kwa LSD ya pleti, Torsen inaweza kugeuka kinyume na ikawa nzima kabisa maana ndani ni gia tupu, hamna pleti za kubana. Bora ucheki kibati cha chesisi cha gari iliyotolewa hiyo difu, pameandikwa TRANS/AXLE, namba yake inakuonyesha uwiano wa meno na aina ya difu. Nilikuja kuipata nyingine baadae kwa laki sita na nusu. Kwa gari ya kutembelea sina neno, barabara ya Nzega mvua inanyesha gari imetulia, oil ya kawaida ya difu, haichakai ovyo. Shida ni kiwanjani, tairi la ndani likinyanyuka kwenye mashimo Torsen inarudi kuwa difu ya kawaida. Nilikuwa nalazimika kuvuta hendibreki kidogo ili ishtuke.

Sasa tuwei. Ya njia moja inabana ukikanyaga mafuta tu, ya moja na nusu inabana ukikanyaga na ukiachia inabana kiasi, tuwei inabana kote kote. Kwenye drifti unaachia mafuta mara kibao kurekebisha gari, ndo maana nikataka isiyoniachia katikati ya kona. Nimeipata mtumba milioni moja na laki nane, na hapo nalia.

Kufunga ndo kwenye kazi. Fundi wengi krauni na pinioni, zile gia mbili za difu zinazoumana, wanapima kwa mkono, anatikisa anasema imekaa. Mi nikaazima dayali geji (kipimo cha sindano), tukatafuta uchezaji wa meno wa 0.13 mpaka 0.18 milimita, tukapaka rangi kwenye meno, tukazungusha, tukaangalia alama imekaa katikati ya jino au imekimbilia pembeni. Mara tatu tumetoa shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebishia, na kurudisha. Mzee alikasirika ila alama ilipokaa katikati aliita vijana wake wote waje waone.

Alafu oil. Nilimwagia ile nzito ya pipa ya 140 maana ndo iliyokuwepo, nikatoka getini, kona ya kwanza difu inagonga ko-ko-ko-ko, mama mmoja wa maembe akaniambia baba gari inakufa hiyo. LSD ya pleti inataka oil iliyoandikwa LSD, GL-5 (daraja la oil ya gia) yenye dawa ya pleti, na hapa mjini niliikosa, ikabidi ije na basi. Ukishaweka unaendesha gari kwa umbo la namba nane taratibu kama nusu saa pleti zizoeane, unamwaga, unaweka mpya. Ya kwanza ilitoka nyeusi inang'aa vumbi la chuma. Mi nabadilisha kila baada ya Jumapili nne na hiyo ni gharama ya kudumu, kama huiwezi baki na Torsen.

Vingine kwa kifupi: bushi za nyuma mpya kabla ya koilova (springi na shokapu za kurekebisha urefu), rejeta kubwa maana joto la mwezi wa kumi huku unalijua, na siti inayokushika. Hendibreki ya haidroliki nimeweka, tamu sana. Magurudumu mapana subirini kwanza, kwa farasi hawa yanakushikilia tu chini.

Ile difu niliyochomelea bado ipo Isevya. Mzee anazuilia geti lisifungwe na upepo.