Opel ya Syd Barrett: usianze nayo, lakini usiikose

Mimi nilianza vibaya. Opel ndiyo CD ya kwanza ya Syd Barrett niliyonunua, na wiki mbili nzima sikuielewa. Nikaiweka kando, nikatafuta albamu zake The Madcap Laughs na Barrett, zote za 1970, nikazisikiliza mpaka zikaniingia, ndipo nikairudia. Sasa haipiti wiki sijaiweka.

Barrett ndiye aliyekuwa mtunzi mkuu wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1967. Mwaka uliofuata akatoka, hali yake ikiwa imezorota. Akiwa peke yake alitoa hizo albamu mbili tu, kisha muziki ukamwisha na akarudi kwao Cambridge, alikofariki 2006. Opel ilitoka 1988. Ina nyimbo 14 za studio zilizokuwa zimebaki kwenye kanda: nyingine hazikuwahi kusikika, nyingine ni rekodi tofauti za nyimbo tunazozijua.

Wimbo wa kwanza, unaobeba jina la albamu, peke yake umelipa pesa yangu. Aliurekodi studio za Abbey Road, London, Aprili 1969: sauti na gitaa, basi, kwa zaidi ya dakika sita. Unaanza polepole kama mtu anayetembea ufukweni, halafu mwishoni anarudia na kurudia kwamba anajaribu kukutafuta, sauti ikikaribia kukatika. Nilipousikiliza usiku kwa hedifoni ilibidi nizime kidogo nipumue. Kuuacha nje ya The Madcap Laughs lilikuwa kosa kubwa.

Sikiliza pia "Wouldn't You Miss Me". Ni ule ule "Dark Globe" wa The Madcap Laughs, lakini hapa hapigi kelele. Anauliza kwa upole, na mimi upole huo unaniumiza zaidi. Kwenye albamu zake, wanamuziki wengine mara nyingi waliongezwa juu ya sauti na gitaa lake, wakihangaika kufuata mapigo yasiyotabirika. Akiachwa peke yake, unagundua mapigo hayo yalikuwa na mantiki yake.

"Lanky" ni dakika tano na zaidi bila kuimba, huwa naruka. "Word Song" ni maneno yanayofuatana tu, ila naupenda.

Anayetafuta wimbo wake "Bob Dylan Blues" hataupata humu. Ulirekodiwa 1970, ukatoka 2001 kwenye mkusanyiko wa Wouldn't You Miss Me?, na huo ndio ninaoutafuta sasa.