Uzoefu wangu na balansa ya sumaku kwa propela za boti za rimoti

Wakuu, hii ni rivyu ya balansa ya sumaku, ile ya kubalansia propela, yaani kupima kama uzito wake uko sawa pande zote, na naiandika kwa upande wetu sisi watu wa boti za rimoti kwa sababu rivyu karibu zote nilizosoma zimeandikwa na watu wa ndege na droni, na propela ya plastiki ya ndege na propela ya chuma ya boti ni vitu viwili tofauti kabisa. Nimeitumia vya kutosha kujua inapofaa na inapokwama, kwa hiyo nasema yote.

Kwanza kwa nini uhangaike. Propela zangu nyingi ni za kampuni ya Octura, zile za aloi ya shaba na berili, na hizi zinakuja mbichi, yaani zimemiminwa kwenye kalibu zikatoka hivyo, ukingo mnene, mgongo una vipele, hazijanolewa wala kubalansiwa, kazi hiyo unaachiwa wewe mnunuzi na wanaozitumia wanalijua hilo. Namba yake inakuambia umbo, X442 ni milimita 42 kipenyo na pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, ni mara 1.4 ya hapo, kama milimita 59 hivi. Sasa chukua mota ya KV 2000, yaani mizunguko 2000 kwa dakika kwa kila volti, na betri ya 4S (seli nne mfululizo) ya volti 14.8, bila mzigo hiyo ni mizunguko 29,600 kwa dakika, karibu 500 kila sekunde moja! Kwa kasi hiyo bawa moja likizidi jingine kwa sehemu moja ya kumi ya gramu tu huko karibu na ncha, shafti inavutwa pembeni kwa nguvu ya nyutoni 20 hivi, yaani kama umening'iniza kilo 2 mwisho wa shafti na hizo kilo 2 zinazunguka nayo. Sehemu ya kumi ya gramu aisee. Huioni kwa jicho na ukiishika propela mkononi huwezi kuihisi. Majini mota ina mzigo haifiki huko juu, lakini hata ukitoa theluthi nzima ya kasi bado unabaki na karibu kilo nzima inayopiga bushi za nyuma (vile vipete vinavyoshikilia shafti) mamia ya mara kwa sekunde, ndio maana unakuta bushi imelika, shafti ya fleksi (ile inayopinda) imekatika, nati imelegea yenyewe, na mtu analaumu mota.

Balansa yenyewe ni kitu rahisi. Nguzo mbili zina sumaku, katikati kuna kishafti cha chuma chenye ncha kali pande zote mbili, na koni mbili za kubana propela katikati yake. Unasogeza nguzo mpaka ncha moja inagusa sumaku na ya upande wa pili inabaki hewani, haigusi kitu, kuna kinafasi chembamba. Kwa hiyo kinachogusana ni nukta moja tu na msuguano karibu haupo, na hapo ndipo inapoishinda ile njia ya zamani ya kulaza shafti juu ya nyembe mbili, kwa sababu kwenye nyembe shafti inakwama kidogo na propela ndogo ya boti haina uzito wa kutosha kujisukuma, inakaa pale inakudanganya kwamba iko sawa. Kwenye sumaku hata ukifuta alama ya maka peni upande mmoja unaona bawa linaanza kupanda. Sijawahi kupata kifaa cha bei ya kawaida chenye hisia kali namna hii.

Ila zima feni na funga dirisha, hewa kidogo tu inasukuma. Na bisibisi na koleo ziweke mbali.

Kitu cha kufanya kabla hujaweka propela yoyote, zungusha kishafti na koni zake peke yake. Kikisimama kila mara upande ule ule, basi kishafti kimepinda au koni sio sawa au chuma chenyewe kimeshika usumaku, na kila utakachopima juu yake kitakuwa na kosa hilo. Halafu hata kikiwa kizuri, ukishaweka propela na ukaona bawa zito, legeza koni, zungusha propela nusu mzunguko bila kugusa kishafti, kaza tena. Uzito ukihama na propela, tatizo ni la propela. Ukibaki na kishafti usiguse tupa kabisa, utakata bawa ambalo halina hatia.

Na hapa ndipo penye lalamiko langu, kampuni siitaji. Koni zimetengenezwa kwa matundu ya propela za ndege. Propela yangu ina tundu la inchi 3/16, milimita 4.76, na mbele ya kitovu kuna ile mikato ya kukamatia meno ya drevu (kile kipande cha kwenye shafti kinachoizungusha propela), sasa koni inakaa kwenye ukingo wa tundu na ule ukingo una mikato, kama mkato mmoja ni mpana kuliko mwenzake au kuna kinyuzi cha chuma kimebaki baada ya kupiga tupa basi koni inakaa upande, propela inakaa upande, na unabalansi kitu ambacho hakipo. Dawa niliyoipata ni kumpa fundi mkerezaji kipande cha shafti ya chuma ya 4.76 iliyonyooka akanikerezea ncha mbili kali kwenye mashine bila kukitoa katikati, propela inaingia yote kwa kubana kidogo na koni sizihitaji tena. Tangu hapo majibu yanajirudia vile vile kila nikipima. Kwa maoni yangu kitu kama hiki kingekuja ndani ya boksi kwa saizi zote za kawaida za boti, na hilo ndilo linaloipunguzia nyota.

Sasa kunoa, maana wengi wanakimbilia balansa kwanza. Noa kwanza, balansi baadaye, kwa sababu kila mpito wa tupa unatoa uzito. Simama nyuma ya boti, uso wa bawa unaouona ndio unaosukuma maji, huo usiuguse na tupa, upige msasa laini tu ung'ae, kwa sababu ukiuchokonoa unabadilisha pichi. Chuma unakitoa mgongoni, upande unaoangalia mbele ya boti, kuanzia ukingo unaoingia kwenye maji kwanza kurudi ndani taratibu. Paka maka peni kwenye mgongo wote, piga tupa ndogo kwa mwelekeo mmoja, wino unaobaki unakuonyesha mabonde na wino uliotoka unakuonyesha milima, ukimaliza tupa nenda msasa 220, 400, 600 mpaka 1000 huku unaloweka maji. Ukingo wa nyuma acha mnene kama ulivyo, kata mraba na kona yake iwe kali. Propela za aina hii zinafanya kazi nusu majini nusu hewani, bawa linapiga maji upya kila mzunguko, kwa hiyo ukingo wa mbele mnene unagonga na kurusha maji badala ya kuyakata na umeme wa betri unaishia kwenye huo mrusho, ila kule nyuma unataka maji yaachane na bawa ghafla, na kona kali inafanya hivyo vizuri. Nimeona mtu kazungusha tupa kingo zote akidhani mviringo ndio ulaini, propela nzuri kabisa ikapotea.

Ukali usiwe wa kupitiliza. Ukingo unaokwangua ukucha unatosha, ukiufanya mwembamba kama karatasi utajikunja siku ya kwanza unapogonga kijiti.

Na jamani, vumbi la berili sio la kuchezea. Aloi hizi zina berili kama asilimia 2 na ikiwa kipande kizima mkononi haina shida, lakini vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta ugonjwa wa kudumu usio na tiba ya kuumaliza. Fanya kazi ikiwa imelowa, vaa barakoa ya chujio la kweli, usipige mashine ya kuzunguka kavu kavu, usipulize wala usifagie, futa na kitambaa chenye maji, na usifanyie jikoni wala chumba wanacholala watoto. Hili nalisema kwa uzito wote. Propela za chuma cha pua au alumini hazina tatizo la berili lakini barakoa vaa hata hivyo.

Ukishanoa rudi kwenye sumaku. Kabla ya kutoa uzito pima mabawa kwa kalipa kutoka kitovuni mpaka nchani, yawe sawa, halafu laza propela juu ya kioo, kitovu chini, linganisha urefu wa kona za bawa hili na lile kutoka kwenye kioo. Balansa haioni pichi! Mabawa yanaweza kuwa na uzito sawa kabisa na moja likawa limejikunja zaidi, kwenye sumaku linasimama vizuri na majini linatetemesha boti yote, na hapo mtu anasema balansa haifai. Likishakuwa sawa weka mabawa mlalo, linaloshuka ndilo zito, litolee uzito mgongoni kwa msasa kwa eneo pana, usikate ncha wala umbo la nje. Yakitulia mlalo yaweke wima. Yakianza kuzunguka kutoka hapo basi kitovu ndicho kizito upande mmoja, punguza kitovu kwa nje, mabawa yaache. Watu wengi wanaishia kwenye mlalo na kusema wamemaliza, bado. Mpaka isimame popote unapoiachia ndio imekubali.

Matokeo kwa boti yangu: ule mlio wa kukwaruza kwenye kasi ya juu umeisha, mota na spidi kontrola zinarudi na joto la chini kwa dereva yule yule na betri ile ile, kasi ya boti kwenye GPS imepanda kidogo, na bushi hazitanuki kama mwanzo. Kwa joto naamini kunoa ndiko kulikosaidia zaidi, kwa bushi ni kubalansi. Nyota 4 kati ya 5. Kama boti yako ni ya propela ya plastiki na betri ya 2S ya kutembelea tu, huihitaji. Kama unatumia propela ya chuma na 4S kwenda juu, inunue kabla ya kununua mota kubwa zaidi.

Kwa wenye propela ya mabawa matatu, inafanya kazi pia ila ina usumbufu wake, maana bawa moja likishuka linaweza kuwa zito, na mawili yakishuka pamoja ujue la juu ndilo jepesi na unatakiwa uyapunguze yote mawili kidogo kidogo, kwa hiyo yapeni namba kwa maka peni karibu na kitovu kabla ya kuanza, la sivyo mnapoteza hesabu.