GIMP kwa mabango ya kozi: uzoefu wangu nikiwa Iringa

Nafundisha Historia hapa Iringa, na masomo ya ziada nayaweka mtandaoni kwa wanafunzi ambao wengi wanasomea simu za wazazi. Kila kozi inadai picha pana ya juu, bango. Kwa kazi hiyo natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, na sina mpango wa kuihama. Ni ya bure, na ikishaingia kwenye kompyuta haili bando.

Kazi iliyonionyesha thamani yake ni bango la Zama za Mawe. Nilitaka nguzo za mwamba za Isimila, eneo la Zama za Mawe, pale kilomita 20 hivi kutoka mjini ukishika barabara ya Mbeya. Tatizo ni kwamba nguzo zimesimama na bango limelala. Picha ya simu yangu ina pikseli 4000 kwa 3000. Ukiikata kwa uwiano wa 4 kwa 1 na upana wote ukabaki, kimo kinashuka hadi pikseli 1000, theluthi tu. Ukichukua vichwa vya nguzo, korongo limekwenda. Ukichukua korongo, nguzo zinageuka mawe ya kawaida. Kwenye GIMP unashika zana ya kukatia, unatia tiki kwenye Fixed, unaandika 4:1, halafu unasogeza fremu juu na chini bila uwiano kuharibika. Nikaishia kwenye vichwa na kipande cha anga. Nguzo nzima wataziona ndani ya somo.

Kisha napunguza picha iwe 1200 kwa 300 na kuitoa kama JPEG, aina ya faili ya picha isiyo nzito. Hapo kuna kitu nakipenda mno: ukiwasha onyesho la awali, unavuta kipimo cha ubora huku uzito wa faili ukisomeka hapo hapo. Kwenye 80 mikwaruzo ya mwamba bado ipo. Ukishuka sana, anga linaanza kuonyesha miraba midogo midogo. Faili ya MB kadhaa inaishia chini ya KB 150, na mzazi hanung'uniki. PNG, aina nyingine ya faili, naiachia michoro na nembo. Kwa picha za kamera ni mzigo bure.

Kero ipo. Ukibonyeza Save unapewa faili ya XCF, ambayo ni ya GIMP yenyewe. JPEG inapatikana kwa Export. Mgeni lazima ababaike.

Maandishi siyapachiki kwenye bango hata siku moja. Jukwaa tunalotumia linakata pembeni bango likifunguliwa kwenye simu. Mwenzangu wa Jiografia aliandika "Milima ya Udzungwa" kwa herufi kubwa, wanafunzi wakasoma "lima ya Udzung" na kuuliza kama ni somo la Kilimo. Jina la kozi lina sehemu yake chini ya picha, tena huko hata programu inayomsomea asiyeona inalifikia.

Kwa mwenye kompyuta, hata ya zamani kiasi, naipendekeza. Mwenye simu pekee atafute nyingine, maana GIMP ni ya Windows, macOS na Linux.