Atele za plastiki kwa mtoto mwenye usonji anayechuchumia: uzoefu wangu hapa Goma

Nianze na jibu la swali "atele zinasaidia?", kwa mzazi anayesoma haya akiwa kwenye benchi anasubiri mtoto apimwe. Atele, yaani vifaa vya plastiki vinavyovaliwa kushika wayo, kifundo na mguu wa chini, zinafanya kazi, ila kazi yake ni ndogo kuliko ile utakayoahidiwa na majirani. Zinashusha kisigino cha mtoto na kuizuia kano ya nyuma isizidi kukaza. Usonji utabaki palepale, na jioni ukizivua, mtoto anaweza kuendelea kuchuchumia, yaani kutembea kwa vidole, sebuleni mbele yako. Hata hivyo sijutii kuzinunua.

Kijana wangu ana miaka saba. Amechuchumia tangu alipoanza kutembea. Watoto wengi hupita hapo wakijifunza, kisha wanashuka wenyewe. Aliyevuka miaka mitatu na bado yuko juu ya vidole inafaa apimwe. Wetu hakushuka. Mama mkwe wangu alizoea kusema, "Huyu mutoto anatembeaka sawa mwenye kuogopa udongo," na kwa kiasi fulani aliona vizuri. Kijana hapendi vitu vingine vikimgusa wayo: mkeka, majani yenye umande, mshono wa soksi. Lakini kuna saa anafanya kinyume kabisa, anarukaruka kwa vidole kwa nguvu, utafikiri anataka ule mshindo ufike mpaka magotini. Kukwepa na kutafuta, yote mawili kwa mtoto mmoja, asubuhi moja.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Marekani uliopitia kumbukumbu za matibabu za watoto zaidi ya milioni 2. Kati ya watoto wenye usonji, karibu 8 katika 100 walikuwa wameandikiwa tatizo la kutembea kwa vidole. Kati ya wengine hawakufika hata 1 katika 200. Nilimsomea baba yake kwenye simu usiku, kwa sababu kuna shangazi aliyekuwa ameshika msimamo kwamba mtoto alibebwa mgongoni vibaya.

Mtu asiyeijua Goma anaweza kuuliza: akitembea kwa vidole, shida iko wapi? Aje atembee huku kwetu. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, yale ya 2002 na mengine ya zamani zaidi. Barabara za mtaani ni mawe meusi yenye ncha, mengine yamelegea. Anayekanyaga kwa wayo wote anayumba na kujirudisha. Anayekanyaga kwa vidole ana sehemu ndogo ya kusimamia, na kifundo kinageuka mara moja. Kijana alikuwa akianguka, magoti hayakukaa bila kidonda, na mbaya zaidi alikuwa akiteguka mbele ya machukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, yanayoshuka kwa kasi na mizigo ya makaa. Usiku alilalamika mashavu ya miguu. Kwa kuwa haongei sana, alikuwa anaushika mkono wangu na kuuweka pale panapouma.

Kabla ya plastiki yoyote, mpelekeni mtoto kwa daktari, msianzie kwa fundi. Sehemu hii ndiyo niliyoithamini kuliko zote. Daktari hakukubali haraka kwamba "ni usonji tu". Aliuliza kama anachuchumia mguu mmoja au yote miwili, kwa sababu kuchuchumia mguu mmoja tu kuna maana nyingine. Aliuliza kama aliwahi kutembea vizuri halafu akabadilika. Alimkalisha chini akamwacha ainuke, aone kama anajisukuma kwa mikono juu ya mapaja, kwa sababu kuna ugonjwa wa misuli wa watoto wa kiume unaoanza hivyo, na mashavu ya miguu yananenepa. Aligonga magoti kwa kinyundo, kutafuta ule ukakamavu unaotoka kwenye ubongo. Halafu akaniuliza mihogo ya nyumbani tunailoweka muda gani. Nilishangaa. Kumbe alikuwa anafikiria konzo, ugonjwa ambao nchini mwetu Kongo umejulikana tangu miaka ya 1930 huko Kwango: mtu anayeishi kwa mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, na chakula kingine hana, miguu inakakamaa ghafla na haipoi tena, naye anabaki akitembea kwa vidole. Kusini ya Kivu pia umewahi kuonekana. Wetu hakuwa na lolote kati ya hayo.

Kipimo cha mwisho kinafanyika kwa mikono tu. Mtoto analala chali, goti limenyooka, daktari anausukuma wayo kuelekea kwenye muundi. Kisha anakunja goti na kusukuma tena. Kwa kijana wangu, goti likinyooka mguu uliishia kwenye digrii 90 hivi na kugoma. Goti likikunjwa ulipanda vizuri. Maana yake msuli wa juu wa shavu la mguu ndio umefupika, ule unaovuka goti, na sehemu nyingine bado ziko huru. Kama ungegoma namna zote mbili, tungeongea habari ya plasta zinazobadilishwa kila wiki ili kuuvuta mguu polepole, au hata upasuaji wa kurefusha kano. Kwa hali yetu akaandika mazoezi ya kine (tiba ya viungo) na atele.

Sasa karakana. Sitaji jina, lakini watu wa Goma wenye wagonjwa wa viungo wanajua pa kuuliza. Utengenezaji uko hivi: wanazungushia mguu bendeji ya plasta iliyoloweshwa, ikikauka wanaikata na kuivua, wanamimina plasta ndani wapate mguu wa sanamu, wanausawazisha, kisha wanapasha karatasi nene ya polipropilini kwenye tanuri mpaka inalainika na kuifunika juu ya sanamu. Ni plastiki ileile ambayo Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, umeitumia miaka mingi kwa miguu ya bandia kwenye nchi zenye vita. Ni nyepesi, haiozi kwa maji, na ikibana mahali inaweza kupashwa tena ikarekebishwa.

Kwa mtoto mwenye usonji, siku ya plasta ndiyo siku ngumu. Ile bendeji inaanza baridi na utelezi, halafu inapata joto yenyewe ikiganda. Ukichanganya na mashine za kusaga zinazolia chumba cha pili, unaweza kurudi nyumbani bila kipimo. Fundi wetu alikuwa mtu mzima mwenye subira. Alimpa kijana kipande cha bendeji mbichi akichezee, akamfunga mwanasesere kwanza, na chini ya plasta akaweka ukanda ili aikate kwa kisu cha mkono bila kuwasha ile misumeno ya umeme. "Mama, tusimukimbize," aliniambia. Ombeni saa ya asubuhi kabisa kabla karakana haijachangamka. Hilo halina malipo.

Kuna aina mbili. Ile ngumu, kipande kimoja, inashika kifundo kisiende popote. Nyingine ina bawaba pembeni mwa kifundo: mguu unaruhusiwa kupanda lakini unazuiwa kushuka. Tulipewa ya bawaba, nami nasisitiza muulizie, kwa sababu ya choo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Kwa ile ngumu mtoto hachuchumai, anaanguka nyuma. Kwa ya bawaba anaweza, akizoea. Ajabu ni kwamba kwenye karatasi za maelezo nilizopewa choo hakimo kabisa, wakati ndicho swali la kwanza la mama yeyote wa mtaani.

Mambo yaliyonikera. Jozi ya kwanza ilibana mfupa wa nje wa kifundo cha kulia. Kanuni niliyofundishwa ni hii: anza na muda mfupi, saa moja hivi, vua, tazama ngozi. Wekundu unaoondoka ndani ya nusu saa si tatizo. Unaokaa zaidi ya hapo, rudisha karakana. Wetu ulikaa. Fundi alipasha pale mahali, akapatoa nje kidogo, kwisha. Lakini mtoto asiyesema "inauma" anahitaji macho yako, usimsubiri alie. Wangu aliacha kula, ndivyo nilivyojua.

Jasho ni la kweli. Vumbi la mawe meusi linaingia kwenye velkro, ile mikanda ya kunatisha, mpaka haishiki, nami naisafisha kwa mswaki wa zamani. Kijana ameipenda sana sauti ya velkro ikibanduliwa, na saa anayoipenda zaidi ni wakati wa maombi ya kimya kanisani. Mchungaji ameshazoea.

Soksi zilitusumbua kuliko plastiki. Lazima ziwe ndefu zipite ukingo wa juu, zisiwe na mkunjo, na kwa mtoto wa namna hii mshono wa vidoleni ni vita. Tunazivalisha ndani nje. Nilinunua za watu wazima zinazobana, za pamba, nikazipunguza kwa cherehani upande wa juu.

Na viatu. Atele haiingii kwenye kiatu cha saizi yake. Tafuteni kinachozidi namba moja au mbili, kinachofunguka mpaka karibu na vidole, mtoe na ile soli ya ndani. Mitumba ya mtaa wa Birere ina viatu vya michezo vya namna hiyo ukivumilia kupekua. Shule ilitaka viatu vyeusi vya ngozi. Nilipeleka karatasi ya daktari na atele yenyewe, nikaiweka juu ya meza ya mkuu. Alikubali.

Bei ilizidi kodi ya mwezi mmoja ya nyumba yetu. Nililipa kwa vipande viwili, kwa simu, maana benki za hapa mjini zilifungwa Januari 2025. Ulizeni kama kuna mradi unaochangia. Wakati mwingine upo, wakati mwingine umekwisha.

Matokeo: mwisho wa mwaka wa masomo, goti likiwa limenyooka, wayo ulipanda kupita pale ulipokuwa unagoma. Anaanguka mara chache. Maumivu ya usiku yamepungua sana, ingawa hapo nadhani mazoezi yana sehemu kubwa: anasimama kwenye ubao ulioinuliwa mbele akitazama video zake za matrekta, na hajui kama ni tiba. Pekupeku, akifurahi au kelele zikimzidi, anapanda juu ya vidole kama zamani. Namwacha. Nilichokuwa natibu ni kano na vidonda vya magoti. Namna mwili wake unavyofurahi si ugonjwa, na wageni wanaokodoa macho watazoea kama mchungaji.

Kwa hiyo, kama mguu wa mtoto wako unapanda vizuri, hauumi, haanguki, sioni sababu ya kumfunga plastiki ili kuwaridhisha wakwe. Kiatu chenye soli ngumu na shingo ndefu kinaweza kutosha, na kipimo kirudiwe kila baada ya muda. Kuna pia watoto wenye usonji ambao shida yao ni nyingine: viungo vinalegea, kifundo kinaangukia ndani, wayo bapa. Niliona binti wa hivyo palepale karakana. Alipewa soli ya kuinua upinde, fupi, si atele ndefu. Msinunue kwa kuangalia mtoto wa jirani.

Alama zangu: nne kati ya tano kwa atele, tano kwa fundi, mbili kwa velkro.

Vidole vya kijana vimeanza kuvuka ukingo wa mbele, kwa hiyo jozi nyingine iko njiani. Mama mmoja wa mtaa wa Ndosho ameniomba nimuuzie hii ya zamani kwa mtoto wake. Nimemkatalia, na nimempa saa za karakana: imefinyangwa juu ya mguu wa kijana wangu, mfupa wa mwingine itauchubua.