TAHADHARI: Anayeuza dawa ya magoti Kariakoo kwa kisingizio cha utafiti

Ndugu zangu, kuna bwana aliyekuwa na chumba ghorofani katika jengo moja karibu na soko la Kariakoo, anayejitambulisha kuwa mtafiti wa magonjwa ya viungo, na ambaye amechukua shilingi 380,000 za Mama kwa kile alichokiita ada ya kushiriki utafiti. Mama anasumbuliwa na maumivu ya magoti.

Alimwamkia Mama kwa heshima zote, akamkalisha, akampima presha, kisha akamkunja goti taratibu huku ameinamisha sikio, kana kwamba anasikiliza mifupa ikisagana. Akachukua goti la plastiki, akalichezesha mbele yetu na kueleza kwamba gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, ndiyo inayolika, jambo ambalo ni kweli, na ndiyo maana lilituingia. Akatoa fomu ya ridhaa yenye nembo juu na nafasi ya dole gumba chini, akatusomea kifungu kinachosema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote. Mtu wa namna hiyo utamdhaniaje kuwa tapeli? Matapeli tuliowazoea mjini hapa hawana subira ya kumsomea mzee haki zake.

Kilichotumaliza kabisa ni kwamba alitaja utafiti wa kweli. Alisema huko Marekani wagonjwa 1,583 walishiriki katika majaribio ya glukosamini na kondroitini, viambato alivyodai vimo katika vidonge vyake, na asilimia 79 wakapata nafuu. Mpwa wangu anayesomea ufamasia aliutafuta baadaye. Utafiti huo upo, ulichapishwa mwaka 2006, lakini asilimia 79 ni ya kundi dogo la wenye maumivu ya wastani hadi makali waliopewa viambato vyote viwili kwa pamoja, na watafiti wenyewe walisema matokeo hayo yanahitaji kuthibitishwa. Kwa washiriki wote kwa jumla, viambato hivyo havikuonyesha tofauti ya maana na vidonge visivyo na dawa, ambavyo navyo viliwapa nafuu asilimia 60 ya waliovimeza. Huyu bwana alijua anachokificha, kwa sababu mtu asiyejua hawezi kuokota namba moja kwa ufundi ule.

Mwanzoni Mama alitembea hadi gengeni bila mkongojo, nasi tukafurahi. Haikuchukua muda uso ukaanza kuumuka na sukari ikapanda, na daktari akatueleza kwamba anashuku vidonge vile vimechanganywa na steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Si jambo geni: mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu Artri King, bidhaa ya viungo iliyouzwa kama lishe, baada ya kuikuta na diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, ambazo hazikuandikwa kwenye kifungashio. Kwa hiyo, mwenye mzazi anayetumia vidonge vya bwana huyu ampeleke hospitali mara moja na asimwachishe ghafla bila daktari, kwani mwili uliozoea steroidi hudhurika ukikatiwa kwa ghafla.

Kwangu mimi faini haitoshi. Anayeuza sumu kwa bibi za watu akiwa amevaa koti jeupe anastahili kifungo, tena aliyempangisha chumba bila kuuliza anafanya kazi gani naye ahojiwe.

Dalili zilikuwepo. Alidai fedha, ilhali utafiti halali wa dawa haumuuzii mgonjwa dawa inayojaribiwa. Fomu alibaki nayo, hatukupewa hata nakala. Kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hakukionyesha, wala cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na malipo yalikwenda kwenye namba ya simu yenye jina la mtu mwingine kabisa.

Chumba sasa kimefungwa na simu haipatikani. Aliyebaki na kopo au ujumbe wa muamala asivitupe. Aniandikie faraghani, tunakusanya malalamiko ya kupeleka polisi na TMDA kwa pamoja.