Kituo cha afya cha kijijini kwetu Pemba: huduma ya maradhi ya kujamiiana

Nazungumzia huduma moja tu ya kituo chetu, huku wilaya ya Micheweni. Wanaume wa kwetu wanaikimbia, na mimi sijaona nyengine pale inayoifikia kwa uzuri.

Mke wangu alipoanza kliniki ya ujauzito alichomwa kidole, tone la damu likatiwa kwenye kipimo kinachoonesha virusi vya Ukimwi na kaswende kwa pamoja. Hakumaliza hata nusu saa, majibu tayari. Upande wa Ukimwi salama, upande wa kaswende mstari ukatokea. Akapigwa sindano siku ile ile, akapewa kikaratasi aniletee. Jina la maradhi halikuandikwa: namba tu, na maneno kwamba mume afike kituoni.

Muuguzi ni mama wa makamo. Alifunga mlango, akashusha pazia, ndipo akanitaka hali. Hakuniuliza nani kamletea nani. "Mwanangu, haya yanaweza kukaa mwilini miaka bila ya dalili. Tumshughulikie mtoto kwanza." Akanieleza kwamba kaswende isiyotibiwa humfikia mtoto tumboni, mimba ikaharibika, au mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa nayo. Mama akidungwa penisilini mapema, na mtoto tumboni anatibika.

Dawa yenyewe ni unga unaochanganywa na maji, unakuwa mzito mweupe kama tui la kwanza. Ni yuniti milioni 2.4, nusu tako hili na nusu jengine. Inauma, nisiwafiche. Kwa kuwa haikujulikana tumekaa nayo muda gani, kila mmoja wetu alidungwa mara moja kwa wiki, wiki tatu. Muuguzi akatuonya pia: kipimo kile cha haraka kinaweza kuonesha mstari maisha yote hata ukishapona, kwa hiyo mimba ijayo mke wangu aeleze kwamba alitibiwa, na kadi asiitupe.

Barazani wazee wanasema maradhi haya yamezidi, vijana wameharibika. Nilimuuliza muuguzi. Akasema kweli daftari lake linajaa kuliko zamani, lakini siku hizi kila mjamzito anapimwa na waume wanaitwa. Zamani alikuja aliyezidiwa tu. Kisonono na klamidia, maradhi mengine ya kujamiiana, pale hawana maabara ya kuvipima, wanatibu kwa dalili, na wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili hata moja. Hao hawamo daftarini kabisa. Kwa hiyo mimi siwezi kusema kama maradhi yamezidi kijijini au wanaoonekana ndio waliozidi. Duniani kaswende imepanda kweli: Shirika la Afya Duniani limetaja watu wazima milioni 8 walioambukizwa mwaka 2022, kutoka milioni 7.1 mwaka 2020. Na sisi watu wa dago, wavuvi wa kuhama na kupiga kambi, miezi Unguja, miezi Shimoni upande wa Kenya, hatuishi nje ya dunia hiyo. Zanzibar Ukimwi uko chini ya asilimia 1, na nahisi hilo limetulaza.

Yasiyoniridhisha ni mawili. Wiki ya pili dawa ilikwisha, tukaambiwa tukanunue duka la dawa. Mwenye pesa alinunua, asiyekuwa nayo alirudi nyumbani, na dozi hii haitaki kukatwa. La pili ni benchi. Limewekwa mbele ya mlango unaojulikana na kijiji kizima kuwa ni wa nini, mkabala na njia ya kwendea msikitini. Nimemwona kijana akifika, akalitazama, akageuka. Wangeuchanganya mlango ule na wa presha na sukari, yule kijana angeingia.

Nendeni asubuhi, mama yule hayupo baada ya adhuhuri. Kadi ya kliniki ya mke ichukueni, na mkitoka muulizeni kabisa kama dozi ya wiki ijayo ipo.