Tairi za A/T zilizokuja na Hilux yangu: tope la Mtambwe, mawe ya Kiuyu

Gari yangu ni Hilux dabo kabini ya dizeli, foo-wili, na tangu nilipoipokea mpya haijawahi kuvuliwa tairi ilizotoka nazo kiwandani, isipokuwa moja nitakayoieleza. Ni tairi za A/T, yaani zimetengenezwa kwa ajili ya lami na njia mbaya kwa pamoja, saizi 265/65R17. Zimeshapita kilomita 45,000 na kashata, yale matuta ya mpira yanayokanyaga chini, bado zipo. Kila nikiegesha Wete, hapa Pemba, hakosekani mtu wa kuinama akazitazama, kisha akauliza: hizi zinafaa kweli, au mtu azivue mapema aweke nyengine? Jibu langu ni kwamba zinafaa sana, ila si kwa kila upande wa kisiwa hiki, na anayezivua zikiwa mpya anatupa pesa zake.

Pemba ina ardhi mbili. Upande wa magharibi, kuanzia Mkoani kupanda hadi Wete, ni vilima na mabonde, udongo mwekundu, mikarafuu na minazi. Ukielekea Micheweni, Maziwa Ng'ombe na Kiuyu unaingia maweni, jiwe la matumbawe limetokeza juu ya ardhi na udongo ni kiasi tu cha kuficha ncha zake. Kazi yangu inanipitisha kote. Msimu wa karafuu nabeba magunia kutoka mashambani kwenda vituo vya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na msimu ukipita nabeba saruji, mabati, kokoto, hata samaki wa Tumbe. Kwa hiyo tairi hizi zimeonja kila kitu.

Nianze na lami, maana huko ndiko zilikonifanya nizipende. Barabara ya Chake Chake kwenda Mkoani ni kona juu ya kona, unapanda na kushuka, na mvua za masika zinapoanza mwezi wa Machi lami ile huteleza vibaya, hasa zile siku za mwanzo kabla vumbi na mafuta hayajaoshwa. Nimeshafunga breki hapo, mbuzi kajitupa barabarani, gari ina mzigo, na ikasimama moja kwa moja bila kutupa mkia. Mwenye kiwanda cha gari anapoagiza tairi hutaka kwanza gari iwe tulivu, isimame vizuri kwenye maji, isile mafuta mengi. Ukali wa porini unafuata nyuma. Ndiyo maana kashata za A/T ya kiwandani zimekaribiana, na tairi yenyewe si nzito. Na haivumi ikitembea. Rafiki yangu ana tairi za M/T, zile za tope hasa, na tukifika mwendo wa 60 ndani ya gari yake tunazungumza kwa kupaza sauti.

Sasa tope, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapotarajia zaidi ya kile walichonunua.

Karafuu zikishakauka zinataka kutoka, na mvua za vuli zikigongana na msimu hakuna wa kukwambia subiri njia ikauke. Mwaka mmoja nilikwenda Mtambwe kuchukua magunia. Tumepakia hadi juu ya bodi, turubai limefungwa, nikafika kwenye kilima kifupi tu ambacho kiangazi hukioni hata kama ni kilima. Nikaweka foo-wili ya chini, gia ya pili, taratibu. Kufika katikati, gari ikaanza kwenda ubavu badala ya mbele. Nikashuka kutazama. Tairi ya mbele ilikuwa haina kashata hata moja: kila mfereji umejaa udongo mwekundu, umesawazishwa, unang'aa kama chungu kilichotoka sasa hivi mkononi mwa mfinyanzi. Mpira haukuwa ukigusa ardhi tena, udongo ndio uliokuwa ukikanyaga udongo.

Mzee mwenye shamba alinijia mbio. "Mwanangu, usikanyage mafuta, utaichimbia kaburi papa hapa." Vijana wakaleta makuti na makumbi ya nazi, mimi nikashusha upepo wa tairi hadi karibu 20 psi (hicho ndicho kipimo cha upepo), nikachokoa mifereji kwa kijiti cha mkarafuu, tukatandika, ikapanda. Ilipanda kwa makumbi na kwa mikono ya watu. Kwa nguvu zake yenyewe ile tairi isingepanda.

Sioni kwamba ni ubovu. Tairi ya M/T ina mifereji mipana na mirefu, gurudumu likizunguka tope linarushwa nje na kashata zinarudi kuuma. Ya A/T, na hasa hii laini ya kiwandani, mifereji yake ni myembamba. Kwenye kichanga chenye maji, kwenye kokoto, kwenye njia ya shamba iliyoloa kidogo, inapita bila wasiwasi. Kwenye udongo unaonata inaziba. Na lile neno M+S lililoandikwa ubavuni, la tope na theluji, watu wanalisoma kama ahadi. Herufi hizo mtengenezaji huziweka mwenyewe kwa kuangalia namna kashata zilivyokatwa, haina maana tairi imeingizwa topeni ikajaribiwa. Mwenye kununua gari kwa ajili ya mashamba ya karafuu asizitegemee.

Maweni nako tatizo ni jengine. Uso wa tairi haukunisumbua hata kidogo. Mawe madogo yanaingia kwenye mifereji, unayachokoa, basi. Hatari ipo ubavuni. Jiwe la matumbawe halitoboi kama msumari, linachana, na tairi hizi ubavu wake ni mwembamba, umefanywa uwe laini ili dereva asirushwerushwe kwenye lami. Kule Kiuyu nilikuwa nalipisha gari la ng'ombe, nikatoka pembeni ya njia, ubavu wa tairi ya nyuma ukasuguana na ncha ya jiwe. Upepo haukutoka. Nikaendelea na safari zangu, na asubuhi yake nikaona nundu imetokeza pembeni ya mchaniko mdogo usiofika urefu wa kidole.

Nikaipeleka kwa fundi wa pancha, Konde. Akaipaka povu la sabuni, hakuna hata kipovu kimoja kilichotoka. Akaibonyeza ile nundu kwa kidole gumba, akaitazama tena kwa tochi ya simu. "Ami, nyuzi za ndani zimekatika. Nikikuzibia nitakuwa nimekudhulumu. Ubavuni hapazibwi." Kijana mdogo, lakini kazi yake anaijua. Kiraka kinakaa usoni pa tairi, pale panapokanyaga. Ubavu unajikunja kila gurudumu linapozunguka, kiraka hakistahimili, na nyuzi zikishakatika ile nundu inaweza kupasuka wakati wowote, gari ikiwa na mzigo na mwendo. Nikafunga spea, kisha nikatafuta mpya mbili za aina ile ile na kuziweka pamoja nyuma, zile nyengine nzima zikaenda mbele. Usichanganye mpya na iliyolika kwenye ekseli moja, hasa kwa gari ya foo-wili.

Tangu siku ile, maweni nafuata kanuni moja: kama lazima nipande jiwe, nalipanda kwa uso wa tairi, silipiti ubavuni. Na huko sishushi upepo ovyo, kwani tairi ikilegea ubavu unatanuka nje na kujipeleka wenyewe kwenye ncha.

Mchanga ni habari fupi. Ukipita msitu wa Ngezi kwenda Vumawimbi, shusha hadi 18 psi, usisimame ghafla, usikate kona kali, na zitakupitisha bila jasho. Beba pampu ndogo ya kurudishia upepo kabla hujarudi lami.

Kuhusu upepo wa kila siku, naona madereva wengi wakijaza kwa kusoma namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ile ni namba ya mwisho ambayo tairi inastahimili, siyo ya kutembelea. Ya kutembelea imo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na nyuma hupandishwa gari ikiwa na mzigo. Mimi hupima asubuhi tairi zikiwa baridi. Zile zangu za mbele zilianza kulika mabega kwa sababu ya kona za Mkoani, nikawa nazibadilisha nyuma kuja mbele kila baada ya kilomita 10,000 na kufanya alaimenti, na tangu hapo zinakwenda sawa. Chini ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira, vipo kwenye urefu wa milimita 1.6. Uso wa tairi ukifikia usawa wa vile vinundu, tairi imekwisha, hata kama jirani atakwambia bado ina maisha. Kwa lami yetu ya masika mimi sitasubiri zifike huko.

Kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha ni spea. Inaning'inia chini ya bodi kwa mnyororo mdogo, na hapa kwetu chumvi ya bahari inaula mnyororo huo pamoja na ile mashine ya kuushushia. Siku ya nundu tulipiga nyundo kwa muda mrefu kabla haijakubali kushuka. Sasa kila nikibadilisha tairi naishusha spea chini, napaka grisi, napima upepo wake, naipandisha tena.

Zitakapokwisha nitanunua A/T tena, sitakwenda kwenye M/T, kwa sababu siku nyingi za mwaka nipo lami na tope zito ni la miezi michache. Ila nitachukua za LT, zile za magari ya mzigo. Hizi za kiwandani zimeandikwa 112S. Hiyo 112 maana yake kila tairi inabeba kilo 1,120, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. LT ya saizi ile ile huandikwa 120/117, yaani 120 ni kilo 1,400 ikiwa peke yake upande mmoja, na 117 ni pale zinapofungwa mbili pamoja, na ubavu wake una matabaka magumu zaidi. Nakubali kwamba gari itakuwa ngumu kidogo, itakula dizeli zaidi, na upepo utahitaji kupandishwa kuliko wa kibandiko, lakini Kiuyu nitapita nikiwa na moyo mtulivu. Saizi sitaigusa. Wengi wanapenda 265/70, yenye ubavu mrefu zaidi, kwa sababu gari inanyanyuka, na ni kweli tairi inakuwa ndefu kwa karibu milimita 26 kutoka chini hadi juu, ila mshale wa mwendo nao unaanza kusema uongo: ukisoma 80 unakwenda karibu 83.

Mwenye gari Unguja anayezunguka Mjini, Nungwi na Paje kwa lami, na mzigo wake ni wageni na mabegi yao, sioni kwa nini abadilishe chochote. Atumie za kiwandani mpaka zikwishe, kisha anunue zile zile.

Na popote unaponunua, mpya au za mtumba, tafuta ubavuni zile tarakimu nne zilizo mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mpira unazeeka hata ukikaa dukani, na joto letu linauzeesha haraka. Watengenezaji wengi wanashauri tairi isitumike tena baada ya miaka 10, na ikipita mitano ikaguliwe kila mwaka. Tairi za mtumba hupakwa rangi nyeusi zikang'aa kuliko mpya. Ukikuta 0815, hiyo imetengenezwa wiki ya nane ya mwaka 2015, hata kama kashata zake zote zimesimama. Mwambie muuzaji akushushie nyengine.